Gramafoni inayojiwasha na kujizima yenyewe: jinsi ya kufufua breki yake

Wimbo unaisha, sindano inaingia kwenye mfuo wa mwisho, mkono unaobeba sindano unayumba mara moja au mbili, kisha "tak!" na sahani inayozungusha santuri inasimama. Mwenye gramafoni wala hajainuka kitini. Hiyo ndiyo breki ya kujifunga. Katika mashine za kupiga hendeli ninazoletewa, mara nyingi ndiyo iliyokufa zamani kuliko vyote, na ndiyo anayoikumbuka mtu mwisho. Springi imetengenezwa, mpira wa kichwa cha sauti umebadilishwa, sanduku limepigwa rangi, lakini breki imefungwa kwa waya isisumbue.

Inaniuma nikiona hivyo. Kichwa cha sauti cha gramafoni hulalia santuri kwa uzito unaozidi gramu 100, na wote unashukia ncha moja ya chuma. Santuri zenyewe ni za shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe: ngumu, lakini zikianguka hupasuka kama kigae. Ukisinzia wimbo ukiwa umekwisha, sindano iliyokwisha butuka inaendelea kusaga mfuo uleule kiasi cha mara 78 kila dakika mpaka springi ilegee. Kama una santuri ya Siti binti Saad, zile alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya HMV, hiyo si hasara ya kuchezea.

Kazi hii inafanyika nyumbani, mezani, kwa muda wa mchana mmoja. Andaa bisibisi ndogo mbili, brashi laini, pamba, vijiti vya meno, mafuta ya cherehani, benzini kidogo, kitambaa cheupe, na kifuniko cha chupa cha kuwekea skrubu. Spirit isikaribie meza yenye santuri. Spirit huyeyusha shelaki, na tone moja linatosha kufuta nyimbo.

Hatua ya 1: Anza na santuri, si mashine

Huku ndiko watu wengi wanakopotelea, na mimi nilipotelea hukohuko mwanzoni. Nililetewa mashine na mzee mmoja, akaleta na santuri yake ya kujaribia. Siku mbili nilihangaika na breki, nakunja hiki, nakaza kile, sahani haisimami. Siku ya tatu nikaweka santuri nyingine, breki ikafunga mara ya kwanza. Ile ya mzee haikuwa na mfuo wa mwisho kabisa. Wimbo uliisha, na mfuo ukaishia hapohapo, karibu na lebo.

Ielewe sababu yake, maana ndiyo roho ya kazi yote. Breki hizi hazijui sindano iko wapi. Zinachohisi ni mwendo wa mkono. Wakati wa wimbo, mkono unasogea ndani polepole sana: mifuo ni kama minne katika kila milimita, kwa hiyo sahani ikizunguka mara moja mkono unasogea robo milimita tu. Wimbo wa dakika 3 ni mizunguko 234, na mkono unakuwa umetembea takribani sentimita 6. Breki imeundwa ivumilie mwendo huo na ishtuke pale tu mkono unapofanya jambo jingine.

Jambo hilo jingine huletwa na santuri yenyewe. Katika miaka ya 1920 viwanda vilianza kwa wingi kuchonga mfuo wa kutoka baada ya wimbo: unakimbilia ndani kwa kasi, halafu mara nyingi unaishia kwenye duara ambalo kitovu chake kimewekwa kando ya tundu makusudi, ili mkono uyumbe ndani na nje kila mzunguko. Santuri za kabla ya hapo kwa kawaida hazina kitu hicho.

Kwa hiyo chukua santuri, ielekeze kwenye mwanga wa dirisha, utazame eneo kati ya wimbo na lebo. Ukiona mstari mmoja unaokimbilia ndani peke yake, au duara lililoegemea upande, hiyo ni santuri ya kujaribia. Ukiona eneo jeusi tupu, iweke kando. Si mbovu, ila itabidi uizime kwa mkono maisha yake yote. Ukiona mfuo upo lakini umejaa uchafu, usugue kwa brashi laini na maji yenye sabuni kidogo, lebo isilowe, kisha ukaushe.

Tazama na tundu la katikati. Santuri iliyotobolewa kando kidogo huyumbisha mkono tangu wimbo unaanza, na aina moja ya breki hudanganyika ikafunga katikati ya ubeti.

Hatua ya 2: Ijue aina ya breki yako

Aina ya kwanza ni ya kutegwa. Unapeleka sindano mpaka mwisho wa wimbo, unakaza kijiti au skrubu pale mkono ulipofika, kisha unaurudisha mwanzo na kupiga. Mkono ukifika tena pale, unasukuma kijiti na breki inashika. Hii ndiyo ya zamani, kutoka enzi ambazo kila santuri iliishia inapotaka, na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi hata na santuri isiyo na mfuo wa kutoka. Ubaya wake ni kuitega upya kwa kila santuri. Kufikia mwaka 1920 kampuni ya Columbia ya Marekani ilikuwa ikitangaza gramafoni zake za Grafonola kwa sifa kubwa kwamba breki yake haitegwi. Ile ina utaratibu wake wa ndani na siigusi hapa.

Aina ya pili ni ya meno. Chini ya shina la mkono kuna kipande kilichochongwa meno madogo kama ya msumeno, na kidole cha chuma kinacholalia juu yake. Mkono ukienda ndani, kidole kinateleza juu ya meno. Mkono ukirudi nje hata kidogo, kidole kinanasa jino, na msukumo huo unafyatua breki. Wimbo haurudishi mkono nje. Duara lililoegemea upande ndilo linaloufanya urudi. Santuri yenye tundu la kando nayo hufanya hivyo, na ndiyo hii niliyosema hudanganyika.

Aina ya tatu ni ya kinundu. Kwenye mhimili unaozungusha sahani kuna kinundu kidogo. Mkono unasukuma wenzo mwembamba kuelekea kwenye kinundu hicho, lakini umeungana nao kwa msuguano tu, haukukazwa. Sindano ikikaribia lebo, kinundu kinaufikia wenzo na kuusukuma nyuma kidogo kila mzunguko. Kwa robo milimita wenzo unarudishwa kwa upole na hakuna kinachotokea. Sindano ikiingia mfuo wa kutoka, mkono unaruka milimita kadhaa kwa mzunguko mmoja, wenzo unaingia ndani mno, kinundu kinaugonga uso kwa uso, breki inafyatuka. Binafsi naipenda hii kuliko zote. Hakuna umeme wala betri, na bado inatofautisha polepole na haraka.

Hatua ya 3: Legeza springi, toa sahani

Usiguse kitu springi ikiwa imekazwa. Achia breki, acha sahani izunguke bila santuri mpaka isimame yenyewe. Springi iliyokazwa ikifyatuka inaweza kukuvunja kidole. Pipa la springi usilifungue kabisa kwa kazi hii. Hatuna shughuli nalo.

Kisha inua sahani. Angalia kwanza kama kuna kibanio katikati na ukitoe. Shika sahani pande mbili zilizoelekeana, vuta juu taratibu huku ukiitikisa. Ikigoma, mwenzako agonge ncha ya mhimili kwa kipande cha mti huku wewe ukivuta. Nyundo ya chuma isiguse pale.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua skrubu yoyote, tatu au nne, kutoka pande tofauti. Vijispringi vya breki ni vyembamba kama unywele na vina upande wake.

Hatua ya 4: Safisha, na ujue wapi mafuta hayatakiwi

Asilimia kubwa ya breki nilizofufua hazikuwa zimevunjika. Zilikuwa zimepakwa mafuta na mtu mwenye nia njema. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likawa ugoro, ugoro ukawa gundi.

Lowesha kijiti chenye pamba kwa benzini, karibu na dirisha lililo wazi na mbali na moto, usafishe kila kiungo cha breki mpaka pamba itoke nyeupe. Kwenye breki ya meno, pitisha kijiti cha meno katika kila pengo. Kwenye breki ya kinundu, kazi kubwa iko kwenye ule muungano wa msuguano: vipande viwili vinavyobanwa pamoja, pengine na washa (kipete bapa) ndogo katikati. Hapo pawe pakavu kabisa. Pakiwa na mafuta mabichi, wenzo unateleza na haufuati mkono, kwa hiyo breki haifungi hata siku moja. Pakiwa na mafuta yaliyoganda, wenzo unanata, na utasikia sindano ikigongwa kila mzunguko wimbo unapokaribia mwisho, kama moyo unaodunda: "tk, tk, tk". Ukisikia hivyo usikunje chochote. Safisha tena.

Tone moja la mafuta ya cherehani linaruhusiwa kwenye ekseli ambayo mkono unageukia, na tone moja kwenye pini ya wenzo wa breki. Meno, kidole, kinundu na muungano wa msuguano viachwe vikavu.

Tahadhari moja: baadhi ya vipande vya mashine hizi ni vya kumimina, vya madini yenye zinki ndani. Kwa umri wao huvimba, hupata nyufa nyembamba, na ukivikaza vinamong'onyoka mkononi. Kipande cha kijivu chenye mistari kama udongo uliokauka kisafishe kikiwa mahali pake, na usikiondoe.

Hatua ya 5: Upande wa kuwasha

Katika mashine nyingi za kubeba za miaka ya 1930, HMV 102 ikiwemo, hakuna swichi ya kutafuta. Unauvuta mkono kulia, nje ya santuri, unasikia mlio mdogo, breki inaachia na sahani inaanza. Kazi hiyo hufanywa na kipande kwenye shina la mkono kinachosukuma wenzo wa breki upite upande wa pili wa kispringi chake. Kispringi hicho ndicho kinachoushikilia wenzo ama umefunga ama umeachia, usibaki katikati.

Sahani ikianza kwa uvivu, tazama pedi ya breki. Ni ngozi au kitambaa kizito, na mara nyingi hukandamiza ukingo wa sahani. Breki ikiwa imeachia, karatasi ya daftari ipite kati yake na sahani bila kukwama. Ikikwama, pedi imevimba au imeota uchafu. Ikiwa ngumu kama mfupa, kata nyingine kwenye ngozi ya kiatu chakavu, unene uleule, ibandike kwa gundi ya fundi viatu, na usiipake mafuta.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mkono kabla ya kukaza springi

Kwa breki ya meno: sahani ikiwa bado nje, sogeza mkono taratibu kuelekea katikati. Ukifika karibu na eneo la lebo utasikia meno yakilia chini kwa chini. Simama, urudishe nje nusu sentimita. Breki ifyatuke hapohapo. Isipofyatuka, kidole hakinasi: kispringi chake kimelegea au ncha imelika.

Kwa breki ya kinundu: rudisha sahani, izungushe kwa kidole kuelekea kulia huku mwenzako akisogeza mkono kidogo mno. Isifyatuke. Kisha asogeze sentimita moja kwa mkupuo. Ifyatuke ndani ya mzunguko mmoja. Kama kuna skrubu ya kurekebisha, igeuze robo mzunguko tu kila mara, ujaribu tena.

Hatua ya 7: Sasa santuri

Weka sindano mpya. Sindano ya chuma ni ya kupigia upande mmoja tu wa santuri, na iliyobutuka huruka mfuo wa kutoka, ukaanza kuilaumu breki bure. Kaza springi, vuta mkono kulia, shusha kichwa kwa upole, na usikilize wimbo mpaka mwisho bila kugusa.

Ikifunga mapema, jaribu santuri ya pili kabla ya kufungua mashine. Sindano ikianza kuruka katika theluthi ya mwisho ya wimbo, kidole au wenzo unauzuia mkono, rudi Hatua ya 4. Breki ikifyatuka lakini sahani ikaendelea kujivuta, tatizo ni pedi.

Mimi hupiga pande 10 za santuri tofauti kabla ya kumrudishia mwenyewe mashine yake. Kisha natandika karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku, nimeandika kwa kalamu nambari za santuri zake zisizo na mfuo wa kutoka, ili akizipiga zile akae karibu na mashine.