Kabla hujashika chuma, panga wiki yako kwanza

Kila mwezi wa kwanza gym za mtaani zinajaa, ikifika wa tatu tumebaki walewale. Na wanaokimbia wala sio wavivu, walianza kichwakichwa tu, mtu siku ya kwanza kapiga kifua seti kumi, yaani raundi kumi, kesho yake kuvaa shati tu shughuli, ndo hajaonekana tena.

Kama una presha, kisukari, uliwahi kuumia mgongo au umejifungua juzijuzi, muone daktari kwanza. Na ukiwa unanyanyua usibane pumzi, presha inapanda ghafla, toa pumzi unaposukuma.

Afu chukua daftari. Anayeanza siku tatu zinamtosha, tuseme jumatatu, jumatano na ijumaa, mwili mzima kila siku, habari za leo kifua kesho baisepsi waachie mabaunsa. Andika skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kwa ajili ya miguu, kitu cha kusukuma kama benchi (unalala chali unasukuma chuma juu) au pushapu, kitu cha kuvuta, kitu cha kuinua kutoka chini, umalizie na tumbo. Kwenye kuvuta ndo wengi wanachemka, kifua unakiona kwenye kioo ila mgongo huuoni, basi mtu anasukuma tu mwaka mzima mpaka mabega yanainama mbele kama kabeba ndoo mbili za maji. Ukisukuma seti mbili, vuta mbili.

Kila seti mara 8 mpaka 12. Uzito wako ni ule ambao ukimaliza unaona mbili zaidi ungeweza, bila kupinda mgongo. Ukizimudu 12 zote siku mbili za mazoezi zinazofuatana ongeza kidogo, kilo mbili na nusu basi.

Ila hizo kilo uzijue. Bomba refu la gym za kisasa lenyewe tupu ni kilo 20, watu hawalihesabu. Sisi wa bomba la maji na makopo ya zege ndo kabisa, mimi bega la kushoto liliniuma miezi miwili najiuliza nimelalia vibaya au vipi, siku nikayapeleka makopo kwenye mzani wa jamaa anayenunua chuma chakavu, moja kilo 11, la pili 13 na nusu! Jamaa akaniuliza, kwa hiyo unauza au?

Vingine vidogo tu, raba ya soli bapa sio ndala, maji, na mtu wa kukusimamia kwenye benchi. Hela ya unga wa protini weka kwanza kwenye mayai, maharage na dagaa. Misuli kuuma siku mbili tatu ni kawaida, ila kiungo kikichoma au kifua kikibana, acha hapohapo.

Ratiba ikikubana toa siku moja, hata Shirika la Afya Duniani wanasema angalau mbili kwa wiki. Ila usitoe miguu, ukivaa bukta mtaa mzima unakuona.