Anza na Mtande: Namna ya Kusoma Kitambaa cha Wakopti, Wakristo wa Misri

Uso utakuvuta kwanza. Macho yale makubwa meusi ya watu waliofumwa Misri miaka elfu moja na mia kadhaa iliyopita hayampi mtu nafasi. Yaache kidogo.

Tafuta mtande, yaani nyuzi zinazotangulia kutandazwa kwenye kitanda cha kufumia. Sogea karibu, ikiwezekana na lenzi, utazame pale rangi mbili zinapopakana: mara nyingi kuna nyufa ndogo, nazo hufuata uzi wa mtande. Kwenye kanzu nyingi utazikuta zimelala, ilhali mtu wa pichani amesimama. Kanzu hizo zilifumwa kiubavu, toka mkono mmoja hadi wa pili, kwa hiyo mfumaji alipokuwa kazini watakatifu wake walikuwa wamelala. Mimi hufuma, na nilipojaribu kunakili tao moja na nguzo zake bila kuugeuza mchoro, kingo za nguzo ziliachana toka juu hadi chini. Nilipougeuza zikashikana. Tangu siku hiyo namheshimu mno fundi yule.

Sasa nguzo, zile zinazobeba tao ambalo mara nyingi mtu wa pichani husimama chini yake. Majani ya kichwa chake huwa yamebaki pembetatu tu, nalo tao huenda likapambwa kwa vito. Angalia kama kuna pazia au msalaba. Anayewekwa chini ya tao si mpita njia, lakini usikimbilie kumwita mtakatifu: pazia la karne ya 4 lililoko makumbusho ya Abegg-Stiftung, Uswisi, lenye upana wa mita 7 hivi, limempanga Dionysos, mungu wa Kigiriki wa divai, na wenzake chini ya matao yaleyale.

Duara la nuru kichwani nalo halitoshi. Hestia, mungu wa Kigiriki, analo kwenye pazia la sufu la karne ya 6 huko makumbusho ya Dumbarton Oaks, Washington. Tazama mikono: iliyoinuliwa pande zote mbili, viganja wazi, ni ya mwenye kusali. Kisha tafuta maandishi. Katika picha ya Bikira Maria ya karne ya 6 iliyoko makumbusho ya Cleveland, Marekani, iliyofumwa kwa sufu, majina ya Maria, Mikaeli na Gabrieli yameandikwa kwa Kigiriki.

Mwisho, kagua kingo. Wauzaji wa karne ya 19 walivikata vitambaa vya makaburi ya Akhmim, mji wa Misri, vipandevipande. Ukiona nusu ya nguzo ukingoni, chora nusu iliyobaki kwenye daftari lako, na tao jingine pembeni yake. Kuna mtu alikuwa amesimama pale.