Somo: Kuiona Jamii Katika Mambo ya Kila Siku, kwa Mifano ya Mji wa Lamu

Mtu wa Lamu akiulizwa kwa nini leo amepita vichochoroni badala ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, atajibu kwamba ameamua tu. Jibu lake ni la kweli, lakini ukikaa ukawatazama wapitao utaona kwamba uamuzi huo una utaratibu: wanawake walio peke yao wana njia zao, hamali wana zao, na kijana aliyeposa hapiti ovyo mbele ya nyumba ya wakweze hata kama ndiyo njia fupi. Hakuna aliyewaandikia sheria hiyo wala askari anayeisimamia, na bado inafuatwa. Somo hili linahusu namna ya kuiona sheria ya aina hiyo ikifanya kazi.

Mfaransa Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, alieleza mwaka 1895 kwamba kuna namna za kutenda na kufikiri ambazo mtu huzikuta duniani kabla hajazaliwa, nazo humbana hasa pale anapojaribu kwenda kinyume nazo. Kuzichunguza hakuhitaji maabara. Naamini kwa dhati kwamba kazi hii si ya wanachuo pekee. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo umeelezwa na wageni wengi. Inafaa wenyewe nao wautazame kwa makini.

Hatua ya kwanza: chagua mahali padogo na saa maalumu

Usianze na "utamaduni wa Waswahili", kwani jambo kubwa namna hiyo halionekani kwa macho. Anza na Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, baada ya sala ya alasiri. Ngome yenyewe ilimalizika kujengwa mwaka 1821 na ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984, na leo kivuli cha miti iliyo mbele yake ni pahali pa kukaa na kuzungumza. Rudi saa ile ile siku nyingine, kisha rudi asubuhi wakati soko la jirani limechangamka, kwa sababu mahali pamoja huwa na watu wengine kulingana na saa.

Hatua ya pili: andika vitendo, usiandike hukumu

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Ukiandika "wazee walikuwa wakipiga porojo" au "yule kijana hana adabu", umeandika maoni yako juu ya ulichokiona, na ulichokiona chenyewe kimepotea. Andika hivi: wazee wanne wamekaa barazani, kijana anayesukuma mkokoteni wa saruji amepunguza mwendo, ametoa salamu yeye kwanza, mmoja wa wazee ameitikia bila kuinua macho kwenye bao. Baada ya muda amepita mtu mwenye shati la kunyooshwa na faili kwapani. Mzee yule yule ameondoa bakora yake kwenye jiwe, akasogea, na nafasi ya kukaa ikapatikana bila mtu kuiomba.

Angalia ni mangapi yamo ndani ya kitendo hicho kidogo. Umri unadai salamu kutoka kwa ujana. Kazi ya mikono inapata jibu la nusu, na kazi ya ofisini inapata jiwe la kukalia. Mzee mwenyewe akiulizwa atasema kwa ikhlasi kwamba hakumbagua mtu, na hasemi uongo, maana mkono ulioondoa bakora haukungoja fikra. Jamii hufanya kazi yake kubwa zaidi katika mambo tusiyoyafikiria. Lakini tukio moja si ushahidi. Huenda mwenye faili ni mpwawe. Ndiyo maana tunarudi, na tunaandika tena.

Hatua ya tatu: tafuta wasiokuwepo

Baada ya kuwaandika waliopo, jiulize nani hayupo. Barazani utaona wanaume. Wanawake wanapita, wanasalimia au kusalimiwa kwa mbali, lakini hawaketi. Mtazamaji mvivu ataandika kwamba wanawake wa Lamu hukaa ndani, na atakuwa amekosea, kwani wao wana mji wao wenye njia na nyakati zake. Nyumba za mawe za zamani zinalionyesha jambo hili katika kuta zake. Mgeni wa kiume huishia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, na anayekaribishwa zaidi huingia kwa ngazi ya ujamaa wake, huku chumba cha ndani kikibaki kwa wenyewe. Juu ya baadhi ya vichochoro kuna wikio, chumba kilichojengwa kuvuka njia na kuungana na nyumba ya pili, na kwa njia hiyo wanawake wa ukoo mmoja waliweza kutembeleana bila kushuka mtaani. Zamani wanawake wa kiungwana waliposhuka walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kilichobebwa na vijakazi kwa miti. Kwa hiyo stara ile ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: ilimficha mwanamke mmoja, na ilitegemea mikono ya wanawake wengine ambao hawakufichwa. Ukiliona hili, hutautazama ukuta wa nyumba kama ukuta tu.

Hatua ya nne: tazama kanuni inapovunjwa

Kanuni ikifuatwa haionekani. Mwanasosholojia Harold Garfinkel wa Marekani aliwahi kuwaagiza wanafunzi wake wakae majumbani kwao kama wapangaji, wenye adabu nyingi na wenye kuomba ruhusa kwa kila kitu, na familia zao zilishangaa, zikaudhika, na nyingine zikadhani mtoto anaumwa. Sikushauri uwafanyie wazazi wako hivyo. Subiri tu, kwani mtaani kanuni huvunjwa zenyewe: mtu anaingia ndani bila kupiga hodi, au mtoto anapita mbele ya baraza bila salamu. Usimtazame mtoto, watazame wakubwa. Mara nyingi hakuna anayemkemea. Mmoja atauliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu mwana wa nani?" Swali hilo halielekezwi kwa mtoto bali kwa nyumba nzima aliyotoka, na kabla ya magharibi mama yake atakuwa amepata habari. Hii ndiyo polisi ya mtaa, nayo hufanya kazi bila kugharimu shilingi.

Hatua ya tano: uliza jambo lilitoka wapi

Uchunguzi usio na historia hudanganya, kwa sababu hulifanya la leo lionekane la milele. Katika mji wetu, upande wa Mkomani ulijulikana kwa nyumba za mawe za waungwana, na upande wa Langoni kwa waliokuja baadaye, wakiwemo watu wa Hadhramaut, Wangazija na Wabajuni. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija na kuanzisha msikiti wa Riyadha, aliwafungulia elimu ya dini watu ambao zamani walinyimwa, wakiwemo waliotoka utumwani, nayo Maulidi yake ya matwari, ngoma za mkono, yalipokewa kwa shida na baadhi ya wakubwa wa wakati huo. Leo Maulidi hayo yanaujaza mji kwa wageni, na wengi wanaoyashangilia hawajui kwamba ndani yake kuna habari ya nani aliruhusiwa kukaa na nani. Waulize wazee wa pande zote mbili, si wa upande mmoja.

Hatua ya sita: lihamishe jambo kutoka kwa mtu hadi kwa watu

Mwaka 1959 mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alitofautisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, alisema, mtu mmoja akikosa kazi tunatazama tabia na ujuzi wake. Katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, jibu halimo tena ndani ya mtu mmoja mmoja. Lete mfano huo nyumbani. Mvuvi mmoja akirudi mtupu, huenda nyavu zake ni mbovu. Lakini bandari mpya ya Lamu ilipojengwa kwenye maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, si haki tena kumwambia kila mmoja wao kwamba hana bidii. Na kijana wao anayeshinda barazani mchana usimwandike "mvivu" kabla hujajua bahari ya babake imekuwaje.

Hatua ya saba ni fupi. Usiandike majina, usipige picha watu bila idhini yao, na andika pia wewe ni nani, kwa sababu wanaokuona huacha baadhi ya mambo kwa ajili yako.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Malindi: Shikamoo maalim. Nimeanza kufanya hivi sokoni, na dada yangu ananiambia huu ni umbea wenye daftari. Nimjibuje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwambie kwamba umbea unahitaji jina, na jina likiondolewa unakufa. Uchunguzi wetu ni kinyume: ukiondoa jina, kinachobaki ndicho tunachokitaka. Ukiona kwamba maelezo yako yanapendeza tu kwa sababu msomaji anamjua mhusika, yafute.

Mama wa Langoni: Assalamu alaykum maalim. Umeeleza vizuri, ila karibu kila kitu umekitazama kutoka barazani. Sisi twakutana kwenye harusi na jikoni, na huko hukufika.

Jibu: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Ni kweli, na siwezi kufika. Somo hili lina upungufu huo mpaka mmoja wenu aandike sehemu yake. Ningependa kujua katika harusi nani hukaa mbele, nani hupakua pilau, na kama anayepakua huwa yule yule kila mwaka.

Mama wa Langoni: Huwa yule yule. Na wanaokaa mbele hubadilika mtoto wao akipata kazi Mombasa au Ughaibuni. Mwaka uliotangulia walikuwa nasi vyunguni. Hata daftari la michango laonyesha, maana kiasi mtu alichotoa husomwa kwa sauti.

Jibu: Dada, hapo umetoa zaidi ya nilivyotoa mimi katika hatua nzima. Daftari hilo la michango ni hazina. Likisomwa kwa miaka, bila majina, litaonyesha heshima ya ukoo ikianza kufuata fedha ya kazi za mbali, jambo ambalo barazani hatungeliona kamwe.

Kijana, Shela: Maalim, kama jamii ndiyo inayotuongoza hivi, mtu akikosea kosa ni la nani?

Jibu: La kwake, mwanangu. Kubanwa si kufungwa. Yule mzee angeweza kuondoa bakora yake kwa ajili ya kijana wa mkokoteni pia, na wako wafanyao hivyo. Habib Swaleh naye alilelewa katika dunia ile ile ya tabaka, akachagua wanafunzi wake kwa namna nyingine. Tunachunguza uzito wa jamii ili tujue mtu alisukuma dhidi ya nini, si ili tumwondolee lawama.

Mwanachama mpya, Mokowe: Je, daftari nilitoe pale pale barazani? Naogopa watanyamaza.

Jibu: Watanyamaza, au watakusemesha unachotaka kusikia. Wenyewe wajue kwamba unafanya uchunguzi, hilo ni la lazima, lakini kalamu iache mfukoni. Kaa, salimu, kunywa kahawa yako, na ukifika nyumbani andika usiku ule ule kabla hujazungumza na mtu yeyote, kwa sababu ukishasimulia utakumbuka simulizi badala ya tukio. Ukurasa wa kushoto weka ulichokiona na kukisikia. Wa kulia weka unachodhani maana yake. Wa kulia ukijaa kuliko wa kushoto, rudi barazani.