Vipepeo wa Vilima vya Chaki Uingereza: Kabla Hujapiga Magoti Nyasini

Panda treni London Victoria hadi Lewes, kisha kwa miguu mpaka Malling Down, kilima cha chaki kando ya mji. Nenda kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni, saa tano hadi saa tisa alasiri, jua likiwaka. Chini ya nyuzi 13 usijisumbue.

Unayemfuata ni kipepeo aitwaye Adonis, dume lake, buluu ya kung'aa. Ili usimchanganye na yule buluu wa kawaida, tazama ukingo mweupe wa bawa: kwa Adonis umekatwa na vistari vyeusi. Yuko kwenye miteremko inayotazama kusini, penye nyasi fupi na maua ya manjano ya jamii ya kunde, chakula pekee cha kiwavi wake. Kondoo unaowaona wamewekwa makusudi wafupishe nyasi, kwa hiyo funga kila geti. Waingereza wasiosalimia mtu kwenye treni watakusalimia huku mlimani, itikia tu.

Sasa kupe. Narudia, kupe. Tuliokulia karibu na josho tunamjua yule aliyevimba sikioni mwa ng'ombe. Huyu kupe mchanga wa huku ni kama punje ya ulezi, na akiuma husikii. Chomeka suruali ndani ya soksi, uonekane mshamba. Jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani. Watoto hata kichwani.

Ukimkuta, mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu kwenda juu. Shangazi kwenye simu atataja mafuta ya taa na kiberiti. Mshukuru, usimfuate. Andika tarehe.

Mtego ni huu: upele wa ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria anaowabeba kupe, hutokea mara nyingi wiki 1 hadi 4 baadaye, na picha nyingi huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu waweza kuwa zambarau au kahawia, kama alama ya kugongwa. Usisubiri wekundu! Zungushia kalamu, piga picha kila siku, ukipanuka, nenda kwa daktari. Upele ukitambuliwa, daktari huanza antibiotiki bila kupima damu. Asipoutambua atapima, na kipimo cha mapema chaweza kusema huna, kwa kuwa kingamwili, askari wa mwili ambao kipimo huwatafuta, bado hawajatosha. Ile adabu yetu ya kunyamaza mbele ya daktari huku haina soko. Taja nyasi, taja tarehe, taja Lyme, na dalili zikiendelea omba kipimo kirudiwe wiki 4 hadi 6 baada ya kile cha kwanza.