Mbwa mkubwa asilishwe mara moja kwa siku

Mbwa wengi wa ulinzi ninaowakuta mabandani hula mlo mmoja tu. Ikifika saa moja jioni, kijana wa nyumbani anamimina sufuria nzima ya ugali wa dona na dagaa kwenye beseni, mbwa anafakamia dakika mbili, kisha anafunguliwa akimbie ndani ya uzio. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 18 mara nyingi utaratibu huo haumdhuru. German Shepherd, Rottweiler, Boerboel au Great Dane unaweza kumuua usiku huohuo.

Kifua cha mbwa hawa kimeshuka sana chini, na ndani yake mfuko wa chakula una nafasi ya kuning'inia na kuyumba. Ukijaa chakula na hewa kwa mkupuo unaweza kujisokota, ukafunga mlango wa kuingilia na wa kutokea. Gesi inazidi, mishipa ya damu inabanwa, na mbwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Usiku mmoja niliitwa kumwona dume la miaka saba. Alikuwa anajikamua kutapika, hatoi kitu ila povu na mate mazito. Anakaa, anainuka, anageuka kuutazama ubavu wake. Nilipougonga kwa vidole ukalia kama ngoma, na fizi zilishapauka. Mwenyewe, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemnywesha maziwa na mafuta ya kula "kulainisha tumbo", akasubiri nusu saa aone. Tulimpakia garini, lakini hakufika kwenye upasuaji. Ukiona dalili hizo usimnyweshe chochote wala usimkande tumbo. Mpigie daktari wa mifugo huku mbwa yuko njiani.

Kinga yake haina gharama. Chakula kilekile kigawe mara mbili au tatu, na baada ya kula mbwa apumzike walau saa nzima kabla ya kufunguliwa. Anayekula kwa pupa muwekee katikati ya beseni jiwe safi, kubwa asiloweza kulimeza, alizunguke taratibu. Beseni liache chini. Wapo wanaolipandisha kwenye stuli wakiamini linasaidia, ila utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta tatizo hili zaidi kwa mbwa wakubwa waliolishwa kwenye vyombo vilivyoinuliwa. Na siku unapompeleka mbwa kufungwa kizazi, muulize daktari kama anaweza papo hapo kuushona mfuko wa chakula kwenye ukuta wa tumbo usijisokote.

Kwa watoto wa mbwa kosa huwa ni haraka. Mtu akinunua mtoto wa Boerboel anataka miezi sita awe ndama, basi anamlisha mpaka anashindwa kutembea, na juu yake anamwongezea chokaa ya mifugo ya duka la vyakula vya kuku. Mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kuizuia chokaa iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa inakua vibaya. Kama anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, usiongeze kitu. Anayekula ugali na mapafu matupu ndiye mwenye upungufu wa kweli. Huyo mpangie mlo na mtaalamu, na dagaa wazima wasikose.

Ugonjwa wa nyonga hurithiwa, kwa hiyo kabla ya kununua omba kuwaona wazazi wakitembea na kuinuka. Lakini uzito ndio unaoukoleza. Katika utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador uliochapishwa mwaka 2002, waliopewa chakula kilichopungua kwa robo kuliko cha wenzao walichelewa kuumwa viungo na wakaishi karibu miaka 2 zaidi. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza.

Kupe nao wana lao. Homa ya kupe humpata mbwa yeyote, ila German Shepherd humwelemea zaidi; ukimwona anatokwa damu puani, usingoje kesho. Kupe wa kahawia wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumwogesha mbwa ukaliacha banda ni kazi bure. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia kipimo. Rottweiler, kwa upande wake, asicheleweshewe chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu: anza wiki ya 6 hadi ya 8, rudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16.

Mwisho angalia viwiko. Mbwa wa kilo 50 akilala kwenye saruji tupu anaota sugu, baadaye kiwiko kinavimba maji kama yai. Wengi hukitoboa kwa sindano nyumbani, na hapo ndipo usaha unapoanzia. Muwekee kwanza chaga ya mbao na magunia mazito. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi hunywea wenyewe.