Ganda la mwembe ndiyo njia ya sukari

Mwembe uliofungwa waya ukasahaulika hukauka polepole mno, hata mwenye shamba akaanza kuwalaumu mchwa. Majani hubaki ya kijani kwa muda mrefu. Ukitazama shina kwa karibu, juu ya waya limevimba, chini yake limebaki jembamba. Uvimbe ule umetokana na chakula kilichokosa pa kupita.

Maji hupanda kupitia zailemu, yaani mbao yenyewe. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kupitia floemu, tabaka jembamba lililo upande wa ndani wa ganda. Waya ukilikata ganda pande zote, maji huendelea kupanda, kwa hiyo majani hayaonyeshi dalili mapema. Mizizi ndiyo inayokufa njaa.

Kati ya ganda na mbao kuna kambiamu, ule utelezi unaougusa ukibandua ganda wakati wa mvua. Seli zinazozaliwa huko na kubaki upande wa nje huwa floemu. Seli mama moja hugawanyika na kutoa mbili zisizolingana. Ya kwanza hurefuka, kuta zake za mwisho hutoboka kama chekeche, kisha hupoteza kiini ili sukari ipite bila kikwazo. Ya pili, seli sindikizi, hubaki na kiini chake na kumhudumia mwenzake, ambaye yu hai lakini hawezi kujitegemea. Seli zilizotoboka hivyo zikiungana ncha kwa ncha, mrija umekamilika.

Mirija hiyo ikikatwa hujiziba ili sukari isimwagike. Wagema wa pwani wanalijua hilo kwa mikono yao: tembo la mnazi ni utomvu wa floemu wa karara, na asiyerudi kulichonga upya asubuhi na jioni hukuta kibuyu hakijai. (Mnazi hauna kambiamu, kwa hiyo usihangaike kuubebesha, yaani kuuunganishia kijiti cha mti mwingine.)

Kwenye mwembe, kambiamu ndiyo kazi yote ya kubebesha. Chagua kikonyo, yaani kijiti cha kuunganisha, chenye unene sawa na mche wa kubebeshea. Kikate majani siku 7 hadi 10 kabla ya kukichukua, ukibakiza vishikio vya majani, ili macho ya ncha yavimbe. Chonga kabari kwa kisu kikali, mara moja au mbili. Kisu butu husaga seli zilezile unazozitegemea. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko mche, usikiweke katikati ya mche. Kisogeze upande mmoja, ganda likutane na ganda. Wengi hukosea hapa, kisha wanasema mbegu mbaya. Funga kwa nailoni, ukaze vya kutosha, maana mirija mipya haijengeki mahali panapochezacheza. Kiungo kikishashika na machipukizi kukomaa, ifungue nailoni. Ukiiacha, itafanya kazi ileile ya waya.

Mbuzi afungwe kwenye kigingi, si kwenye mti. Anayechuma magome ya dawa achukue kipande kidogo upande mmoja tu, asizungushe. Ganda likiwa limeshaliwa pande zote na mti bado una majani, safisha kingo za jeraha mvua zinapoanza, uchomeke vijiti hai vya mwembe huohuo kutoka ganda la chini hadi la juu, ncha zikitazama juu kama zilivyoota, halafu ufunge. Vikishika, sukari itapita humo kwenda mizizini.