Gari-nyumba kuukuu la Toyota: anza na tairi za nyuma
Kwa mlioko Marekani mnaoyatamani yale magari-nyumba madogo ya Toyota ya miaka ya 1980: kabla hata hujauliza bei, chuchumaa nyuma uhesabu nati za tairi. Zikiwa tano, hiyo ni ekseli ya pikapu ya kawaida, haikuundwa kubeba nyumba, na kuna zilizokatikia njiani. Tafuta lenye nati sita na kitovu kinachochomoza katikati ya gurudumu. Kisha panda kitanda cha juu ya dereva, bonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa dirisha na kwenye kona zote. Pakibonyea, maji yameshaozesha mbao, na ukarabati huo mara nyingi hula pesa kuliko injini. Ukikuta zulia jipya ndani ya gari chakavu, omba uliinue uone kama linaficha sakafu iliyooza.